Bei ya Mwisho ya Vigae

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kibanda changu cha kunyolea, pale barabara ya vumbi inapoikuta ya lami. Shangazi anachemsha kahawa upande wa kulia, kwenye jiko la mkaa. Mimi nanyoa upande wa kushoto, mlango ukiwa wazi mchana kutwa. Katikati wanakaa wenye kijiwe. Injini aliendesha malori mpaka macho yalipomkatalia, na hadi leo akikaa kwenye benchi anapapasa gia kwa mkono wa kushoto. Wakili hajasomea sheria hata siku moja. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama, akasikiliza kesi za watu mpaka akastaafu, akaondoka na koti jeusi na tabia ya kupinga. Wa tatu alikuwa Vigae, fundi wa kupanga vigae, mtu wa maneno machache aliyekaa miguu imenyooka kwa sababu magoti yake hayakukunjika tena. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, unaiona vizuri ukikaa popote kwenye benchi. Asubuhi moja alivuka, akakaa, na Shangazi alipomnyooshea kikombe akakisukuma pembeni.

— Nauza nyumba, alisema.

— Nyumba gani? Injini akauliza.

— Kwani ninazo ngapi?

Hakuna aliyecheka. Sote tulijua figo za mkewe zimegoma. Kila wiki tuliwaona wakitoka alfajiri kupanda basi la kwenda mji wa mbali, kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya kusafisha damu, na kila waliporudi shemeji alikuwa amepungua kidogo kuliko alivyoondoka.

— Daktari kasema safari ndiyo inayommaliza, Vigae alisema. Ugonjwa ungemngoja, basi halimngoji. Anataka tukae karibu na mashine. Nikiuza, tutapanga chumba kule, na kinachobaki kitalipia matibabu.

— Wanao wanasemaje? Shangazi aliuliza.

— Wanangu wako mbali, Shangazi. Wanasema baba amua.

Halafu Wakili akakohoa, na nilipomsikia anakohoa hivyo nikajua mashauri yameanza.

— Sasa sikiliza, ndugu yangu. Wewe kupanga vigae unajua. Kuuza hujui. Kwanza kabisa usiseme unauza. Sema unasikiliza maoni.

— Maoni gani tena? Nimeshaandika kwenye ubao, "Nyumba inauzwa."

— Futa. Andika "Nyumba." Basi. Mtu aulize mwenyewe.

— Nyumba wanaiona kuwa ni nyumba, Wakili, alisema Shangazi. Hawahitaji ubao.

Injini alikuwa anasubiri zamu yake kwa shida.

— Miaka yote nimenunua matairi, alisema. Muuzaji anayejua kazi hakukaribishi kiti. Anakuacha umesimama. Mtu akisimama sana miguu inamuuma, na miguu ikimuuma anakubali bei ili akakae. Vigae, toa viti vyote nje siku wakija.

— Na mimi je? Magoti haya?

— Wewe kaa. Mwenye nyumba anaruhusiwa.

— Ukishataja bei, unyamaze, Wakili akaendelea. Usiongeze neno. Anayesema wa kwanza ndiye anayeshindwa. Nimeyaona mahakamani.

— Na mnunuzi naye akinyamaza? niliuliza nikiwa ndani.

— Atanyamaza, lakini hawezi kumshinda Vigae. Umewahi kumsikia huyu akisema wa kwanza?

Hapo hata Vigae alitabasamu. Injini akaona kijiwe kimechangamka, akaongeza mwendo.

— Kuna jambo lingine. Chumba kimoja kifunge. Kufuli kubwa. Wakiuliza kuna nini, sema, "Hicho hatukifungui." Mnunuzi hatalala. Ataongeza bei ili ajue kilichomo.

— Kilichomo ni magunia ya saruji, alisema Vigae.

— Yeye si hajui?

— Akinunua atajua.

— Atakuwa ameshalipa!

Walibishana juu ya kufuli hilo mpaka jua likahama upande. Lakini shauri walilokubaliana wote wawili, na ambalo Vigae alilibeba kwenda nalo nyumbani, lilikuwa la Wakili.

— Mnunuzi asijue kwa nini unauza. Akinusa shida, anakuvua mpaka shati. Asimwone mgonjwa. Dawa zifichwe. Yule shemeji siku hizo asiwepo.

— Asiwepo aende wapi? Shangazi akageuka na birika mkononi. Nyumbani kwake ndiyo hapo.

— Akae hapa kwa Kinyozi. Mara moja moja tu. Hadi tupate bei nzuri.

Nami nilikubali. Kiti changu ndicho pekee mtaani chenye mikono na pa kuegemeza kichwa.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa mtu na mkewe. Mume alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mke mshonaji, na mimba yake ilishaanza kumwelemea. Walisimama kwanza kijiweni kuulizia njia, na Injini, kikombe mkononi, akawaonyesha nyumba na kuwasifia mtaa. Wakati huo shemeji alikuwa ameshaletwa. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, nimemfunika magoti kwa kile kitambaa ninachowafunga wateja shingoni, uso ameuelekeza kwenye kioo. Kioo kile kinatazama mlango, na mlango unatazama nyumba yake. Kwa hiyo aliwaona wageni wakiingia kwake kupitia kioo changu.

— Wameingia jikoni, alisema baada ya muda.

— Umejuaje, shemeji?

— Dirisha la jikoni likifunguliwa linamulika.

Nikajifanya napanga vitana.

— Nimeacha sufuria kwenye maji, alisema tena. Ya uji. Watasema mwenye nyumba hii mchafu.

— Hawataangalia sufuria.

— Mwanamke ataangalia. Mimi ningeangalia.

Walikaa ndani muda mrefu. Walipotoka, mshonaji alichuchumaa barazani kwa taabu akapitisha kiganja kwenye sakafu ambayo Vigae aliipanga mwenyewe kwa masalia ya kazi za watu, kila kipande na rangi yake. Mumewe akamwinua kwa mikono miwili. Shemeji aliyaona yote hayo kwenye kioo.

— Yule ameipenda, alisema. Sauti yake haikuwa ya furaha wala ya huzuni. Ilikuwa ya mtu anayekubali.

Vigae alivuka barabara haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

— Wametaja bei. Imepungua kidogo chini ya niliyosema. Kidogo tu. Wanarudi kesho kutwa kusikia jibu. Nataka nikubali.

— Usithubutu! Injini akaruka.

— Kwa nini?

— Bei ya kwanza ni salamu. Hawajakuambia bei bado, wamekuamkia.

— Tuambie, Wakili alisema akisogea karibu, bei yako ya mwisho ni ipi? Ile ambayo chini yake hutoki?

Vigae alitazama huku na huku. Kisha akainama akaitaja, kwa sauti ya chini, na sababu zake: kodi ya chumba, mashine, chakula kidogo. Chini ya hapo, alisema, nitakuwa nimeuza nyumba na mke wangu asifike popote.

— Hawa wametaja juu ya hapo, alisema Shangazi. Tena juu sana. Wachukue watu wako, baba, umshukuru Mungu.

— Shangazi, wewe unauza kahawa kwa bei ile ile tangu enzi za redio ya mbao, alisema Wakili. Biashara ya majadiliano tuachie. Akikubali upesi, wataogopa. Watajiuliza nyumba ina kasoro gani.

Vigae aligeuka kunitazama.

— Kinyozi, wewe unasemaje?

Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Nikasema wenye uzoefu wameshasema.

Basi hiyo kesho kutwa wakaamua kuwe na mnunuzi mwingine. Yaani Injini. Walimvika koti jeusi la Wakili, ambalo vifungo vyake havikukutana mbele ya tumbo, wakamtia kalamu mfukoni. Dereva na mkewe walipofika, walimkuta barazani akigonga ukuta kwa vidole na kusikiliza, kama anagonga tairi. Sisi wengine tulikuwa ng'ambo, lakini Injini ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya ngurumo, kwa hiyo tulisikia.

— Nyumba ina mwendo mzuri hii! Haijachoka! Mzee, mimi bei yoyote watakayotaja wengine naongeza juu yake. Nalipa leo leo!

Mshonaji alimtazama. Akamtazama tena.

— Huyu si yule babu aliyetuonyesha njia juzi? alimuuliza mumewe. Yule wa kahawa?

Injini alisema hapana, yule ni pacha wake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Dereva hakupandisha sauti. Baadaye Vigae alitusimulia maneno yake, na aliyasimulia akitazama chini.

— Kaniambia, "Mzee wangu, tulikuja kukubali bei yako. Yote, bila kupunguza. Mke wangu alishapanga cherehani itakaa wapi. Sasa umetuletea mchezo huu. Uliponiambia paa halivuji nilikuamini. Uliponiambia kiwanja hakina ugomvi nilikuamini. Nitaendelea kukuamini kwa lipi?"

— Ungemwambia ukweli, alisema Shangazi.

— Ningemwambia nini? Kwamba nina mke nimemficha kwa kinyozi?

Walifuatwa, hawakurudi. Dereva alipigiwa simu, akajibu kwa adabu kwamba wameshapata pengine.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Watu walikuja kuchungulia, wakaondoka. Mmoja alisema vyumba vidogo, mwingine alisema jua linachoma sebule, wa tatu alikuja kwa sababu tu alipenda kuingia nyumba za watu. Kila walipokuja shemeji aliletwa kibandani, na kila mara alivuka barabara polepole zaidi. Mwisho Vigae alianza kumbeba. Alimkalisha kwenye kiti changu, akamfunika, akaenda kumdanganya mgeni kwamba mke wake yuko safarini. Siku nyingine wageni hawakufika kabisa, na yeye akakaa pale nusu siku akitazama mlango wa nyumba yake kwenye kioo.

— Ukikaa sana kwenye kiti hiki, aliniambia siku moja, unaanza kudhani na wewe ni wa kunyolewa.

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu ameviacha nyumbani.

Kijiweni mashauri hayakukoma. Yaliota pembe.

— Mlango ndio tatizo, Injini alisema. Unatazama magharibi. Mtu akiingia jioni jua linampiga kisogoni, anaona kama anafukuzwa. Ugeuzwe.

— Hapana. Tuseme barabara kubwa itapita hapa, alisema Wakili. Tuwaambie watu wawili tu, kwa siri. Kesho mji mzima utajua na bei itapanda.

— Ikipita hapa si nyumba itabomolewa?

— Ndiyo maana kutakuwa na fidia!

— Kwa hiyo mtu anunue nyumba ili ibomolewe?

— Wengine wanapenda.

Vigae hakuwepo kusikia hayo. Siku hizo walikuwa wakilala huko huko hospitali mara kwa mara, shemeji akishindwa kurudi.

Ni katika siku kama hiyo alipokuja bwana wa koti la kijivu. Alikuja kwa miguu, gari ameliacha mbali. Alisalimia kila mmoja wetu kwa mkono, akakaa katikati ya benchi, pale pale pa Vigae, akamwambia Shangazi awamiminie wote kwa hesabu yake. Alisifu kahawa. Alimsikiliza Injini akisimulia jinsi breki zilivyomkatikia mlimani, na alishtuka pale pa kushtukia. Mtu anayesikiliza namna hiyo alikuwa hajaonekana kijiweni kwetu siku nyingi.

— Ile nyumba ya baraza la rangi rangi, alisema mwishoni, kama mtu anayeangalia tu mandhari, ni ya nani?

— Ya mwenzetu, Injini alisema. Fundi huyo! Inauzwa.

— Ah, mwambieni asiuze. Bei za siku hizi zimekufa. Atatupa.

— Hatupi kitu, alisema Wakili. Yule ana washauri.

— Washauri hawana kazi kama mwenyewe hana msimamo. Wauzaji wengi hata hawajui wanataka nini.

— Huyu anajua! Ana bei yake ya mwisho, hashuki hata shilingi.

Yule bwana akatabasamu, akapuliza kahawa yake.

— Kila mtu anasema hivyo. Ukimuuliza ni ipi, hana.

— Anayo! Alitutajia hapa hapa, alisema Injini. Na kabla Shangazi hajageuka kutoka kwenye jiko, akaitaja.

Nilikuwa nimeshika wembe nyuma ya sikio la mteja. Nakumbuka niliunyanyua ili nisimkate.

— Kunyweni kahawa, alisema Shangazi kwa ukali. Mnasema sana leo.

Lakini Wakili hakutaka Injini aonekane ndiye anayejua peke yake.

— Na si hiyo tu, alisema. Ana sababu ya kufanya upesi. Mkewe ni mgonjwa wa figo. Madaktari wamempa mwezi huu awe ameshahamia kule. Kwa hiyo unaona, bwana, si mtu wa kuyumba. Amejipanga.

— Naona, alisema yule bwana. Pole yake. Amejipanga kweli.

Alimaliza kahawa, akalipa, akatuaga kwa mkono tena, mmoja mmoja. Alipoingia kibandani kunishika mkono, nilikuwa na povu la sabuni, akashika kifundo cha mkono.

Siku chache baadaye Vigae alikuja akakaa mahali pake. Alionekana kama mtu aliyeshusha mzigo na kukuta mgongo haunyooki tena.

— Nimeuza, alisema.

— Hongera! Injini akapaza sauti, lakini haikufika mbali.

— Kaja bwana mmoja wa koti la kijivu. Hakuangalia vyumba. Hakuuliza paa. Alikaa sebuleni akataja bei. Ile yangu ya mwisho, ile ile, halafu akaikata kidogo.

Hakuna aliyegusa kikombe.

— Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Mzee, nasikia madaktari hawataki kungoja. Mimi nina fedha leo. Nikitoka hapa unaanza upya kutafuta mtu." Mke wangu alikuwa kitandani chumba cha pili. Sikuwa nimempeleka kwa Kinyozi, hakuwa wa kubebeka. Nikasaini.

— Sasa itatosha? Shangazi aliuliza.

— Kwa muda.

Hakueleza muda gani, na Shangazi hakumuuliza. Vigae alisugua magoti yake.

— Kinachonisumbua ni kimoja. Alijuaje?

Hapo ndipo kijiwe chetu kilipofanya ambacho sijawahi kukisikia kikifanya kwa bidii namna ile.

— Simu, alisema Injini upesi. Simu hizi zinasikiliza hata zikiwa zimezimwa. Unataja kitu sebuleni, kesho mtu mbali huko anakijua.

— Au hospitali, Wakili akasema. Wale makarani wanauza habari za wagonjwa. Kuna kesi ya namna hiyo niliisikia mimi mwenyewe.

— Au benki. Uliuliza benki juu ya akaunti? Ndiyo hao!

— Na kuna watu wanasoma uso. Wamesomea. Mtu anakutazama kwenye paji hapa, anaona tarakimu.

— Wapo! Nilimpakia mmoja kwenye lori. Alinitajia mshahara wangu hatujafika hata kona ya kwanza.

Shangazi alibamiza mfuniko wa birika. Mimi nikamtazama Vigae, nikitegemea kwamba ataona. Mtu angeona. Lakini mwenzetu alikuwa akituamini kwa muda mrefu mno, na hakuwa na nguvu ya kuanza kazi nyingine.

— Bei ile niliitaja mara mbili tu maishani, alisema polepole. Hapa kwenu, na kwa mke wangu. Ninyi ni ndugu zangu.

Akasimama kwa kushika ukuta, akavuka barabara kurudi kwake.

— Mmesikia alichosema? Shangazi aliuliza.

— Hakusema kitu, alijibu Injini.

— Amesema ni mkewe.

— Hakusema hivyo.

— Amesema hivyo, na mmemwacha aende nalo nyumbani.

— Na wewe je, Shangazi? Wakili alisema. Ulikuwepo. Na Kinyozi alikuwepo.

Shangazi aligeuka kupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri.

Siku ya kuhama lori lilikuja mchana. Wapakizi walitoa kitanda, kabati, magunia ya saruji ambayo sijui Vigae alitaka kuyafanyia nini kwenye chumba cha kupanga. Tulikwenda kusaidia. Injini alisimamia upakiaji, akapanga vitu vizuri kweli, vizito chini, kamba mara mbili. Tulipomaliza tulirudi kijiweni kwa sababu hatukujua pa kusimama.

Ndipo tukamwona shemeji anavuka barabara. Peke yake, taratibu, mkono mmoja umeshika khanga kifuani. Injini akainuka kumpisha. Wiki zote zile alikuwa mgeni wa kiti changu. Kwenye benchi hakuwahi kukaa. Sasa alikaa, akavuta pumzi mpaka zikamrudia.

— Nimekuja kuwaaga, shemeji zangu.

— Tutakuja kukuona, alisema Wakili.

— Mje.

— Nikumiminie kidogo, mwanangu? Shangazi aliuliza.

— Nimekatazwa, Shangazi. Hata maji nanywa kwa kipimo. Asante.

Akatutazama mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa umefura chini ya macho, lakini macho yenyewe yalikuwa maangavu.

— Nina swali moja dogo. Nimeona niulize hapa, maana ninyi mnakaa hapa kutwa mnaona kila anayepita. Mume wangu hanigombezi. Afadhali angenigombeza. Ananiuliza tu, kwa upole, "Ulikuwa unazungumza na nani kule?" Tukila ananiuliza. Tukipanga nguo ananiuliza. Nimejitafuta kichwani mpaka nimechoka. Pale kwenye mashine mtu unasinzia, unaota, huenda uliropoka kwa nesi, au kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Sijui. Lakini sikumbuki, shemeji zangu. Sikumbuki kumtajia mtu.

Akaiweka sawa khanga kifuani.

— Yule bwana wa koti la kijivu. Nasikia alishapita mtaani kabla ya kuja kwetu. Mlimwona akizungumza na nani?

Injini alitazama ndani ya kikombe. Wakili alianza kukohoa, kile kikohozi chake cha kuanzia maneno, kikaisha bila neno kukifuata. Shangazi alinitazama mimi. Mimi nilikuwa mlangoni, taulo begani. Nilifikiri: sema. Ni maneno mawili tu, "na sisi." Nikafikiri: labda Injini atasema, maana ndiye aliyetaja. Na Injini, naamini, alikuwa akifikiri labda Wakili.

Alingoja jibu bila haraka, kama alivyozoea kungoja kwenye mabenchi ya hospitali. Ng'ambo, lori lilipiga honi.

— Mama! Vigae aliita kutoka kwenye lori. Tutachelewa!

— Basi, alisema shemeji. Msihangaike. Labda ni mimi.

Nilimsogelea, akanishika bega ili asimame. Hakuwa na uzito wowote. Shangazi alimsindikiza mpaka lorini akiwa amemshika kiuno, na nilimwona Shangazi akisogeza mdomo karibu na sikio lake, nikadhani anamwambia. Aliporudi nikamuuliza.

— Nimemwambia safari njema, alisema.

Lori liligeuka pale penye lami, likapita mbele yetu. Shemeji alikaa katikati, kichwa amekiegemeza kwenye bega la mumewe, na mumewe alikuwa akitazama mbele. Walipotufikia Vigae alitoa mkono wote dirishani akatupungia, kama mtu anavyowapungia nduguze.

Na sisi tukainua mikono, wote wanne, tukampungia mpaka akapotea.